Kivuli cha Nasra

Kikundi: UKOO WA BARABARA YA 12 🌴
Jumapili, 5 Oktoba

Mama Nasra 12:04
Assalaam alaykum wanandugu. Nasra kaning'ang'ania kanga hapa uani, hataki niingie jikoni. Anasema kivuli chake kimepotea. Nimjibu nini?

Mama Nasra 12:04
[Picha]

Shangazi Mwanaidi 12:05
Waalaykum salaam. Kimepotea vipi? Mwingize ndani haraka umsomee Ayatul Kursi. Asiye na kivuli ni jini.

Ba'mdogo Salim (Maskati) 12:05
😂😂😂 Dada huishi vituko. Jini gani anamaliza sahani mbili za wali wa nazi?

Shangazi Mwanaidi 12:06
Cheka tu, uko Maskati. Sisi tuko Tanga.

Mama Nasra 12:06
hii ni nasra. mimi si jini. kivuli ninacho ila kimejificha chini ya ndala. nikinyanyua mguu nakiona. shikamooni wote

Babu 12:07
[Ujumbe wa sauti, 0:49]

Mwalimu Hamisi (Dar) 12:07
Marahaba Nasra. Shikamoo Babu. Jamani niko msibani, siwezi kufungua sauti. Nani atuandikie?

Mama Nasra 12:08
Babu anasema marahaba wajukuu. Anasema jua bado halijafika utosini, limebakiza dakika chache, Nasra asimame palepale asitikisike. Na mimi nizime jiko, wali utaungua lakini jua halitanisubiri. (Rahisi kusema, hapiki yeye.)

Shangazi Mwanaidi 12:09
*Imesambazwa mara nyingi*
TAHADHARI!!! Wataalamu wamesema leo jua litakuwa WIMA. Usitoke nje, usinywe maji baridi, usioge saa sita. Tuma kwa watu kumi uwapendao.

Mwalimu Hamisi (Dar) 12:10
Shangazi, wataalamu hao si ndio wale wa kitunguu chini ya godoro?

Shangazi Mwanaidi 12:10
Na nililala vizuri.

Mama Nasra 12:12
Jamani. JAMANI. Njooni muone.

Mama Nasra 12:12
[Picha]
[Picha]
[Picha]

Mama Nasra 12:14
Ya kwanza ni fimbo ya Babu, kaisimamisha katikati ya ua. Haina kivuli! Kitone tu pale inapokanyaga. Ya pili ni kile kiti cha plastiki cheupe, tazameni sakafuni, matundu yake yote yamejichora chini yake moja kwa moja kama kapigwa muhuri. Ya tatu kuku, wamejibana chini ya mkokoteni maana ukuta wote hauna kivuli cha kumtosha hata kifaranga.

Mama Nasra 12:14
Miaka yote naanika nguo kwenye ua huu sijawahi kuona kitu hiki.

Ba'mdogo Salim (Maskati) 12:15
Kwa sababu saa sita unakuwa jikoni. Wanaoona mambo haya ni watoto na wazee, sisi wengine tunatafuta hela.

Babu 12:16
[Ujumbe wa sauti, 2:31]

Mama Nasra 12:20
Haya, naandika kwa kifupi. Babu anasema chuoni kwao, kabla saa ya ukutani haijaingia msikitini, mwalimu wao alikuwa na kijiti uani. Kivuli kikifika ufupi wake wa mwisho wanasema jua limesimama. Kikianza kurefuka tena, jua limepinduka, adhuhuri imeingia, adhini. Kile kivuli kifupi kabisa wanakiita kivuli cha zawali. Ili kujua alasiri, unapima urefu wa kijiti halafu unajumlisha na kivuli cha zawali. Kivuli kikifika hapo, alasiri hiyo. Ila kuna siku mbili kwa mwaka hapa Tanga zawali haina kivuli, hesabu inakuwa nyepesi, kivuli kikiwa sawa na kijiti basi. Watoto walikuwa wanazipenda siku hizo kwa sababu hakuna kujumlisha.

Idi London 12:21
Shikamoo Babu, shikamoo shangazi, shikamooni wote. Ndiyo naamka. Siku mbili zipi?

Mwalimu Hamisi (Dar) 12:24
Nimetoka nje ya turubai kidogo. Idi, jua mwezi Juni liko kaskazini mwetu, Desemba liko kusini. Katika kushuka na kupanda lazima litupitie utosini, mara mbili. Sasa hivi linashuka pwani kama jahazi. Lamu lilipita karibu na tarehe 28 Septemba, Mombasa tarehe 3, Tanga leo na kesho, Unguja tarehe 8, Dar kwangu Ijumaa tarehe 10, Mtwara karibu na tarehe 20. Halafu mwakani linapanda, Tanga tena tarehe 7 Machi hivi.

Ba'mdogo Salim (Maskati) 12:25
Lamu mpaka Mtwara siku 22?

Mwalimu Hamisi (Dar) 12:26
Kama kilomita 40 kwa siku.

Shangazi Mwanaidi 12:26
Baiskeli ya muuza samaki inalipita.

Mama Nasra 12:27
Nasra anauliza mbona kivuli kimekwisha kabisa saa 6 na dakika 12 na si saa 6 kamili. Alikuwa anaitazama saa ya simu.

Mwalimu Hamisi (Dar) 12:29
Huyo mtoto mtanipa nimfundishe mimi. Saa zetu zimepangwa kwa mstari wa longitudo wa digrii 45, unaopita karibu na Mogadishu. Tanga iko digrii 39, kwa hiyo jua linatuchelewea kama dakika 24. Ila Oktoba jua lenyewe linawahi dakika kama 12. Toa.

Shangazi Mwanaidi 12:30
Kumbe miaka yote hii navaa saa ya Mogadishu.

Ba'mdogo Salim (Maskati) 12:32
Huku Maskati jua halifiki utosini hata siku moja. Juni linapanda, linapanda, likibakiza kidogo sana linageuka. Lakini kuna jambo nililifanya mwaka huu na jamaa zangu wa kazini. Tarehe 28 Mei, saa 6:18 kwa saa za Makka, ambazo ndizo za Tanga, jua linakuwa juu ya Al-Kaaba kabisa. Popote unapoliona dakika ile, ukilielekea umeelekea Kibla. Tulitoka nje ya karakana sote, Mbangali, Mmisri, mimi, tumekunja macho. Msimamizi akadhani tumegoma.

Idi London 12:33
Huku kwangu kivuli kimelala barabarani kama nguzo ya umeme. Nikifika saa sita ya jua nitapima niwatumie.

Babu 12:34
[Ujumbe wa sauti, 0:11]

Mama Nasra 12:34
Anasema tufungue kisima.

Shangazi Mwanaidi 12:34
Kisima cha nini tena? Kina bati juu na mawe. Mtoto ataanguka!

Mama Nasra 12:35
Babu anasema jua likiwa utosini linaingia kisimani mpaka chini, aliliona utotoni, anataka Nasra aone. Babake Nasra anatoa mawe. Namshika mtoto kiuno kwa mikono miwili, usiogope shangazi.

Mama Nasra 12:43
Wallahi nimetetemeka. Maji yako chini sana, vuli haijanyesha, lakini yanaonekana YOTE. Kuta za kisima zina majani ya kijani laini kama mazulia. Jua liko kule chini linacheza, na kichwa cha Nasra pembeni yake cheusi. Anampungia mkono mwenzake wa chini.

Mama Nasra 12:44
Anasema kuna kitu kinang'aa chini ya maji.

Mama Nasra 12:45
[Picha]

Ba'mdogo Salim (Maskati) 12:46
Sahani?

Mwalimu Hamisi (Dar) 12:46
Kubwa hilo kwa sahani.

Shangazi Mwanaidi 12:47
Kuza hiyo picha.

Mama Nasra 12:48
[Picha]

Mama Nasra 12:48
Ni sufuria. Lina sikio moja, jingine limeungwa kwa waya.

Shangazi Mwanaidi 12:49
*Ujumbe huu umefutwa*

Shangazi Mwanaidi 12:50
*Ujumbe huu umefutwa*

Ba'mdogo Salim (Maskati) 12:51
Dada. Si lile sufuria la pilau la kilo kumi? La harusi ya Mama Nasra, 2016? Ulilosema jirani wa nyumba ya pili kaondoka nalo chini ya buibui?

Mwalimu Hamisi (Dar) 12:52
Sufuria la kilo kumi chini ya buibui 🤲

Mama Nasra 12:52
Shangazi, miaka tisa hujamwazima yule mama hata mbuzi ya kukunia nazi.

Shangazi Mwanaidi 12:53
Mie nilisema NADHANI.

Mama Nasra 12:53
Kisima tulikifunika mwezi uleule wa harusi, bomba lilipoingia uani. Sasa nani alilitia humo?

*Idi London ametoka kwenye kikundi*

Ba'mdogo Salim (Maskati) 12:54
😳

Mwalimu Hamisi (Dar) 12:54
Eee bwana.

*Mama Nasra amemwongeza Idi London*

Shangazi Mwanaidi 12:55
Idi.

Shangazi Mwanaidi 12:55
Idi mwanangu, naona umesoma. Tiki ni za buluu.

Idi London 12:59
Shangazi shikamoo tena. Nilikuwa na miaka 11. Pilau lilipokwisha mlisema ukoko ni wa wapishi, watoto wasiguse. Usiku ngoma ilipokolea nikalichukua sufuria nikaenda kukwangulia kisimani, gizani. Ulikuwa ukoko mtamu ajabu, una mdalasini mzima. Nimeliegemeza ukingoni, nikakusikia unakuja unaita "nani huko?" Nikaliachia. Likasema chubwi.

Shangazi Mwanaidi 13:00
Nilisikia hiyo chubwi! Nikasema ni chura!

Idi London 13:00
Ndiyo. Ulisema "chura mkubwa huyo", ukarudi.

Babu 13:01
[Ujumbe wa sauti, 0:38]

Mama Nasra 13:02
Babu hajasema kitu. Ni kicheko tu mwanzo mpaka mwisho, na kukohoa kidogo.

Ba'mdogo Salim (Maskati) 13:04
Sasa linaopolewaje? Si tulikuwa na kiopoo?

Mama Nasra 13:04
Chetu kilioza. Mtaa huu mwenye kiopoo ni mmoja tu.

Mwalimu Hamisi (Dar) 13:05
Usiseme.

Mama Nasra 13:05
Nyumba ya pili.

Shangazi Mwanaidi 13:06
Adhana ilishapita. Naenda kuswali kwanza.

Idi London 14:51
[Picha]
Saa sita ya jua ya London. Mimi na kivuli changu, kimenizidi mara moja na nusu. Nasra, cha kwako kimekuja kwangu.

Mama Nasra 14:53
nasra. rudisha

Jumamosi, 11 Oktoba

Mama Nasra 12:15
nasra tena. fimbo ya babu leo ina kivuli cha vidole viwili. lakini kimegeuka! mwezi uliopita saa sita kilikuwa upande wa choo sasa kiko upande wa kibla

Mwalimu Hamisi (Dar) 12:17
Barabara kabisa. Jua limeshatupita kwenda kusini, kwa hiyo saa sita vivuli vyetu vitalala kaskazini mpaka Machi. Jana hapa Dar nilisimamisha chupa ya maji kwenye uwanja wa shule, kidato cha pili wote wakachuchumaa kuizunguka. Mkuu wa shule kaja kuuliza nani kaangusha simu.

Ba'mdogo Salim (Maskati) 12:18
Habari za nyumba ya pili?

Mama Nasra 12:20
Shangazi alikwenda jana baada ya alasiri, kajitanda kanga mpya. Alizunguka mtaa mara tatu kabla ya kubisha hodi, Nasra alikuwa anamhesabu kutoka barazani.

Shangazi Mwanaidi 12:21
Nilikuwa natafuta muuza mkaa.

Mama Nasra 12:22
Yule mama kaja mwenyewe na kiopoo begani. Hakuuliza neno. Kaopoa mara ya pili tu, ana mkono. Kalitazama lile sikio la waya, kamtazama shangazi, kasema "Kilo kumi hili?" Basi. Halafu kaazima mbuzi.

Ba'mdogo Salim (Maskati) 12:22
Kapewa?

Shangazi Mwanaidi 12:23
Kapewa na nazi mbili.

Mama Nasra 12:25
[Picha]

Mama Nasra 12:25
nasra. bibi mwanaidi, ndani ya sufuria kulikuwa na chura. babu kasema tumrudishe kisimani ndiye mwenye nyumba. ni mkubwa kweli