Kenya kutozwa 10% na Marekani: nafasi au mtego kwa viwanda vya nguo?

Mleta mada: Wakuu, tarehe 2 Aprili 2025 Marekani ilitangaza ushuru mpya: Kenya 10%, Bangladesh 37%, Vietnam 46%. Kuanzia 7 Agosti 2025 hao wawili walishuka hadi 20%, Kenya ikabaki palepale. Wapo wanaodai oda za nguo zitahamia viwanda vya Athi River, Kenya. Mnaonaje?

Kikokotoo: Zihamie kwa lipi? Chukua suruali ya jinsi ya pamba, dola 8 FOB (bei ya mzigo ukishapakiwa melini). (Wamarekani hutoza kwa thamani ya FOB, si CIF, yaani pamoja na bima na nauli, kama sisi huku; nauli ya meli haihesabiwi.) Kwa viwango vya 2025, AGOA (sheria ya Marekani ya kusamehe ushuru wa kawaida kwa bidhaa za Afrika) ilipokuwapo, ulilipa ile 10% tu, senti 80. AGOA ilipofika ukomo 30 Septemba 2025, iliongezeka 16.6% ya kawaida, dola 1.33. Jumla dola 2.13. Mbangladeshi alilipa 36.6% (20% na ile 16.6%), dola 2.93. Mlipishana senti 80, na kitambaa bado mnakisubiri kutoka China.

Bandarini: Senti 80 kwa oda ya suruali 200,000 ni dola 160,000, mkuu. Si haba. Ila hapo kwenye AGOA nakuunga mkono: kuna nguo za sintetiki ambazo ushuru wake wa kawaida ni 32%. Hiyo 10% iliyopigiwa kelele ni cha mtoto.

Kikokotoo: Ndiyo maana nasema mtego.

Mama Vitambaa: Mmesahau nani analipa. Forodha inamdai mwagizaji wa Marekani, isipokuwa mkataba uwe DDP (muuzaji anafikisha mzigo ushuru ukiwa umelipwa). Hapo mzigo wote ni wa muuzaji. Na hata kwa FOB, mnunuzi atataka mgawane. Tuseme kati ya dola 8, kitambaa, zipu na vifungo vimekula 5. Ukikubali kubeba nusu ya zile senti 80 za ushuru wa 10%, senti 40 zinatoka kwenye dola 3 zilizobaki, ambazo ndizo mishahara, umeme na faida.

Bandarini: Mwaka 2025 kulikuwa na mlango mdogo. Bidhaa yenye angalau 20% ya thamani iliyotoka Marekani, ile 10% ilitozwa kwa sehemu isiyo ya Marekani tu.

Mama Vitambaa: Kwa karatasi, sawa. Lakini pamba yao ikishasokotwa na kufumwa China, hicho ni kitambaa cha China. Nani atakusainia hiyo 20%?