Ni nini hasa kilichouharibu mwili wa Ronnie Coleman?

Mkufunzi wa Tabata

Heshima kwenu wakuu. Ninafundisha mazoezi ya vyuma katika jimu ndogo ya mtaani hapa Dar es Salaam, na jina la Ronnie Coleman limezua ubishi ambao sijaweza kuumaliza. Mmarekani huyu mtunisha misuli alitwaa taji la Mr. Olympia, shindano kuu la watunisha misuli duniani, mara 8 mfululizo, kuanzia 1998 hadi 2005, na hadi leo wapo vijana wanaotazama video zake akichuchumaa na chuma cha kilo 363 mabegani, kisha wanataka kuongeza sahani siku hiyo hiyo. Wengine hutazama picha zake za miaka ya karibuni, akitembea kwa magongo au akiwa kwenye kiti cha magurudumu baada ya kupasuliwa zaidi ya mara 10, wakahitimisha kwamba vyuma vizito humlemaza kila anayevigusa.

Naona pande zote mbili zinamtaja bila kukisoma kisa chake. Ninachoomba kwenu, hasa wenye taaluma ya tiba, ni kunieleza kilichomfikisha pale: ni uzito wenyewe, ni dawa, ni jeraha lililopuuzwa, au ni upasuaji? Nauliza kwa sababu nina kijana wa miaka 27 anayevuta kilo 220 kutoka sakafuni, ambaye ameanza kulalamika kwamba mguu wa kushoto unamchoma na kufa ganzi usiku, lakini hataki kupunguza mzigo kwa kuwa, kwa maneno yake, Coleman naye aliumia na bado akawa bingwa.

Viungo Mombasa

Ndugu mkufunzi, mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia. Nitaanza na Coleman kisha nimrudie kijana wako.

Coleman alicheza futiboli ya Kimarekani katika Chuo Kikuu cha Grambling State, na alipokuwa polisi mjini Arlington, Texas, akajiunga na jimu ya MetroFlex, tayari alikuwa na mazoea ya kusaka uzito wa juu kabisa kwa marudio machache. Watunisha misuli wengi hawafanyi hivyo, kwa sababu waamuzi wao hawapimi kilo bali hutazama umbo. Yeye alibeba kazi ya michezo miwili, kutunisha misuli na kunyanyua uzito, kwa mgongo mmoja, tena akiwa na mwili wa zaidi ya kilo 130 siku ya mashindano. Mwenyewe ameeleza kwamba diski ya mgongoni ilimuumia alipokuwa akichuchumaa na chuma, na kwamba hakuacha mazoezi mazito kwa ajili hiyo.

Hapo ndipo ninapoweka uzito wa jibu langu. Diski iliyo kati ya pingili za uti wa mgongo ina kiini laini kilichozungukwa na ukuta wa nyuzi ngumu. Ukuta huo ukipasuka, kiini hujitokeza na kuibana neva iendayo mguuni, na kwa kuwa diski hupata damu kidogo mno, hupona polepole kuliko msuli. Mwanamichezo mwenye misuli mikubwa huweza kuficha udhaifu huo kwa miaka, kwa sababu misuli inafanya kazi ya kuushikilia mgongo, na yeye huhesabu kwamba amepona kwa vile bado anaweza kunyanyua.

Coleman alifanyiwa upasuaji wa kwanza wa mgongo Desemba 2007, miezi michache baada ya kushika nafasi ya 4 katika Mr. Olympia yake ya mwisho. Zikafuata operesheni za shingo, nyonga zote mbili zikabadilishwa, na pingili za kiuno zikaunganishwa kwa vyuma na skrubu. Pingili zikishaunganishwa hazipindi tena, kwa hiyo zile za juu na za chini yake hubeba mwendo wote uliokuwa ukigawanywa, nazo huanza kuchakaa. Ndiyo maana mgongo ukipasuliwa mara moja mara nyingi hudai mara ya pili, hata kwa mtu asiyegusa vyuma. Coleman, kwa upande wake, alikuwa akirudi jimu mapema, na ameeleza kwamba baadhi ya skrubu zilivunjika mwilini. Alipoulizwa kuhusu majuto, alijibu kwamba anajutia kutofanya marudio 4 na zile kilo 363, kwa sababu alifanya 2 tu na nguvu zilikuwa bado zipo. Jibu hilo huwafurahisha mashabiki. Mimi lilinitia hofu.

Kuhusu kijana wako: mguu unaochoma na kufa ganzi ni dalili ya neva mpaka ithibitishwe vinginevyo. Aache kuvuta na kuchuchumaa kwa sasa, na apimwe nguvu za kifundo cha mguu, kidole gumba na goti na mtu anayejua kazi hiyo, kabla ya kukimbilia kipimo cha MRI, yaani picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku.

Chuma Safi

Nakubaliana na mengi aliyosema mtaalamu, ila naomba chuma kisihukumiwe peke yake. Watafiti wa Finland waliwachunguza wanamichezo wastaafu wa ngazi ya juu wa nchi hiyo, na matokeo waliyochapisha mwaka 1995 yanafaa kusomwa na kila mkufunzi. Picha za mgongo zilionyesha kwamba diski za waliokuwa wanyanyuaji vyuma zilikuwa zimechakaa zaidi, lakini malalamiko ya maumivu ya mgongo hayakuwa mengi kwa wanamichezo hao kuliko kwa wanaume wa kawaida, yalikuwa machache. Kwenye magoti, asilimia 31 ya wanyanyuaji walikuwa na mchakao wa viungo, ikilinganishwa na asilimia 29 ya wachezaji wa soka, 14 ya wakimbiaji wa masafa marefu na 3 ya walenga shabaha.

Angalieni hiyo 29. Watoto wetu wanacheza soka kwenye kokoto bila viatu na hakuna mzazi anayeitisha kikao. Mtu anayenyanyua kwa utaratibu, anayepumzika, na anayeacha pale mwili unapokataa, yuko katika hatari inayofanana na ya michezo mingine tunayoipenda. Coleman si mfano wa wanyanyuaji. Ni mfano wa mtu mmoja aliyekataa kusimama.

Daktari wa Zamu

Ninyi nyote mnazungumzia mifupa kwa kuwa magongo yanaonekana. Mimi nahofia zaidi kisichoonekana, nacho ni moyo, na hapa sidhani kwamba hoja ya ndugu Chuma Safi inatosha, kwa sababu wanyanyuaji aliowataja walichunguzwa viungo na si mishipa.

Mtu anapobana pumzi ili kuinua mzigo mkubwa, shinikizo la damu hupanda kwa kiwango ambacho wengi hawakifikirii. Watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, walichapisha mwaka 1985 vipimo vilivyochukuliwa ndani ya mshipa wa mkono wa watunisha misuli 5 walipokuwa wakisukuma mzigo kwa miguu. Wastani wa kilele ulikuwa 320 kwa 250, na mmoja wao alipita 480 kwa 350. Kliniki zetu humwanzishia mtu ufuatiliaji akifika 140 kwa 90. Mwili wenye afya huvumilia kilele hicho cha sekunde chache, lakini mshipa wenye udhaifu wa kuzaliwa, au uliokwisha kuumizwa na shinikizo la kila siku, huenda usivumilie. Jón Páll Sigmarsson wa Iceland, aliyeshinda shindano la Mwanamume Mwenye Nguvu Zaidi Duniani mara 4, alifariki Januari 1993 akiwa na miaka 32, mshipa mkuu wa damu ulipopasuka akiwa jimu, akivuta chuma kutoka sakafuni. Mwingereza Eddie Hall, aliyevuta kilo 500 mjini Leeds mwaka 2016, alitokwa na damu puani na kupoteza uwezo wa kuona kwa muda. Mwaka uliofuata alishinda taji hilo hilo nchini Botswana akiwa na uzito wa karibu kilo 200, kisha akaliacha shindano na kupunguza mwili, na katika sababu alizotoa afya yake ilikuwemo.

Kisha tuje kwenye dawa, kwa kuwa katika ngazi hiyo ni unafiki kujadili uzito bila kuzitaja. Steroidi, yaani dawa za homoni za kukuza misuli, hupunguza lehemu (kolesteroli) nzuri, huongeza mbaya, huzidisha chembe nyekundu hadi damu ikawa nzito, na huunenepesha ukuta wa moyo. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2017 ulilinganisha wanyanyuaji 86 waliotumia steroidi kwa miaka na 54 wasiotumia, wote wakiwa na umri wa miaka 34 hadi 54. Kila moyo ulipopiga, wasiotumia walisukuma nje asilimia 63 ya damu iliyo katika chumba cha kushoto, na watumiaji asilimia 52. Waliokuwa wameacha dawa walionekana kurudi nyuma kuelekea hali ya kawaida, ila uwezo wa moyo kulegea na kujaa damu ulibaki na kasoro, na kadiri mtu alivyotumia kwa miaka mingi ndivyo mishipa ya moyo ilivyokuwa na utando mwingi zaidi.

Finland tena, maana wenzetu hao hutunza kumbukumbu: wanyanyuaji 62 waliofanya vizuri katika mashindano ya taifa kati ya 1977 na 1982, ambao walishukiwa sana kutumia steroidi, walifuatiliwa kwa miaka 12. Asilimia 12.9 walifariki, ilhali katika kundi la kulinganisha walifariki asilimia 3.1.

Dawa hizo pia huukuza msuli haraka kuliko kano inayoufunga kwenye mfupa, na kano ndiyo inayokatika. Sisemi kwamba kila kano inayokatika ina dawa nyuma yake, ila mkufunzi akiona kijana ameongeza kilo 40 kwenye benchi kwa miezi michache, akiwa na chunusi mgongoni na hasira za ghafla, asijifanye haoni.

Mama Swaumu

Samahanini kwa kuingia katika mazungumzo ya wanaume. Mume wangu hashindani popote, ananyanyua tu, ameongezeka sana shingo na kifua, na usiku anakoroma hadi anakata pumzi kisha anashtuka. Je, hili linahusiana na mnayoyasema, au ni uchovu tu?

Daktari wa Zamu

Linahusiana sana, mama, wala huhitaji kuomba samahani. Shingo nene, iwe ya mafuta au ya misuli, huibana njia ya hewa mtu anapolala. Oksijeni hushuka, mwili hushtuka, na shinikizo la damu hubaki juu hata mchana. Eddie Hall huyo huyo alikuwa akilala na mashine ya kusukuma hewa enzi zake za kushindana. Mumeo apimwe shinikizo asubuhi na jioni kwa wiki moja, kisha aende hospitali yenye idara ya masikio, pua na koo, aeleze hasa hilo la kukata pumzi. Wewe uwepo, kwa sababu yeye hajisikii akiwa usingizini.

Mkufunzi wa Tabata

Nawashukuru nyote. Kijana amekubali kuacha kuvuta, kwa shingo upande. Daktari, kwa jimu isiyo na uwezo mkubwa, ni vipimo gani nidai kwa wale wanaonyanyua mizigo ya juu? Na mtaalamu, ni dalili gani isiyosubiri kesho?

Daktari wa Zamu

Nunua mashine ya kupimia shinikizo yenye mkanda mpana, kwa sababu mkanda mdogo kwenye mkono mnene hutoa namba za uongo. Anayesoma 140 kwa 90 au zaidi mara kwa mara asibebe uzito wa juu mpaka aonwe na daktari. Mwenye ndugu aliyefariki ghafla kabla ya miaka 50, au aliyewahi kuzimia akinyanyua, afanyiwe kipimo cha umeme wa moyo na cha picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti. Anayetumia dawa aongezewe kipimo cha wingi wa damu, ini na lehemu, na asiziache ghafla bila ushauri, kwa kuwa homoni zake mwenyewe huwa zimelala.

Viungo Mombasa

Ganzi sehemu za siri na mapajani kwa ndani, kushindwa kukojoa au kujizuia, na kifundo cha mguu kinacholegea kiasi kwamba vidole vinaburuza chini. Akipata mojawapo kati ya hizo, hata kama ni saa nane za usiku, mpeleke hospitali ya rufaa usiku huo huo, na mwambie daktari wa mapokezi neno kwa neno kama nilivyoandika hapa.