Nani amesema anajiumiza mwenyewe? Nimehesabu watu 11 na bado sijamaliza

Ndugu wasomaji, naandika nikiwa na hasira na sina nia ya kuificha. Juzi usiku familia yetu ilikaa kikao kwa mara ya sita kwa ajili ya mdogo wangu wa kiume, ambaye kwa miaka minne sasa amezama katika kubashiri matokeo ya mechi, na kwa mara ya sita kikao kikaisha kwa watu wote kunigeukia mimi, kwa kuwa mimi ndiye mwenye mshahara unaoingia kwa tarehe inayojulikana. Muda mfupi kabla ya hapo mjomba, ambaye ndiye aliyekuwa akiongoza kikao, alitamka maneno yaliyoninyima usingizi hadi alfajiri: "Jamani, huyu ni mtu mzima, maisha ni yake, na anayeumia ni yeye mwenyewe. Tumlipie, yaishe."

Naomba mtu anieleze jinsi kauli hizo mbili zinavyoweza kutoka katika kinywa kimoja. Ikiwa anayeumia ni yeye peke yake, basi alipe yeye peke yake. Na ikiwa walipaji ni sisi, basi tukiri kwamba walioumia ni sisi. Nilitaka kuyasema haya pale pale, lakini mama alikuwa ameshaanza kulia, nikanyamaza. Ndiyo maana nayamwaga hapa.

Mwaka 2017 watafiti wa Australia walichapisha makadirio yanayoonyesha kwamba mtu mmoja mwenye tatizo zito la kamari huwaathiri, kwa wastani, watu wengine sita. Nilipoisoma idadi hiyo usiku ule niliona ni ndogo mno, nikachukua karatasi na kuanza kuandika majina ya watu wetu.

Wa kwanza ni mama. Mama ametoa akiba yake ya uzeeni mara mbili, na mara ya kwanza aliambiwa kwamba fedha hizo ni za matibabu ya mjukuu wake. Mjukuu hakuwa mgonjwa. Miezi minane baadaye mtoto huyo huyo aliugua kweli, akapandwa na homa kali usiku, wifi akampigia mama simu kuomba msaada, na mama, ambaye sijapata kumwona akisita mbele ya shida ya mtoto yeyote, akauliza: "Ni kweli safari hii?" Alisubiri mpaka asubuhi ndipo akatuma fedha. Mtoto alipona, tunashukuru, lakini mama hajajisamehe kwa usiku ule, na kila akimwona mjukuu wake humshika paji la uso kama anayepima joto. Fedha zinaweza kurudi siku moja. Huo usiku nitaulipaje?

Wa pili ni wifi yangu. Mume wake alikuwa akiijua namba ya siri ya simu yake, kama wanandoa wengi wanavyojuana, akaitumia kuchukua mikopo ya simu kwa jina lake katika programu tatu tofauti. Wifi aligundua siku alipokwenda kuomba mkopo halali wa kukuza biashara yake ndogo, akaambiwa kwamba katika kumbukumbu za wakopaji yeye ni mdaiwa sugu. Hakuwa amekopa hata senti. Wa tatu na wa nne ni watoto wao, na kuhusu hao nitasema jambo moja tu: yule mkubwa ana miaka tisa na ameshafundishwa na baba yake mzazi kupokea simu na kusema "baba hayupo", akiwa amekaa naye kiti kimoja.

Wa tano ndiye anayenichoma zaidi, labda kwa sababu hana damu nasi na hakuwa na wajibu wowote kwetu. Ni rafiki wa mdogo wangu tangu wakiwa darasa moja, kijana mtaratibu, fundi, aliyekuwa akija nyumbani na kuniita dada kuliko hata wadogo zangu wenyewe. Mdogo wangu alimwomba awe mdhamini wake wa mkopo, akimwambia kwamba anataka kununua vifaa vya kazi na kwamba saini ya mdhamini ni utaratibu tu wa makaratasi. Watu wengi hudanganywa kwa neno hilo, kwa hiyo nalirudia kwa faida ya yeyote anayesoma na ambaye kesho ataombwa saini: mdhamini si shahidi. Shahidi huthibitisha kwamba mkataba ulifanyika mbele yake. Mdhamini huahidi kwamba mkopaji asipolipa, atalipa yeye, na mkopeshaji ana haki ya kumfuata. Mkopo ule uliisha kwenye mechi ndani ya siku tisa. Riba ilikuwa asilimia 10 kwa mwezi, ikijumlishwa juu ya deni lililobaki, na deni la namna hiyo lisipoguswa kwa miezi 12 hufikia zaidi ya mara tatu ya kiasi kilichokopwa. Rafiki huyo aliuza mashine aliyokuwa akifanyia kazi ili alipe. Sasa anafanya vibarua kwa mtu ambaye zamani yeye ndiye aliyekuwa akimpa vibarua. Mke wake, ambaye namhesabu kuwa wa sita, alikuja kwangu, hakupaza sauti, akauliza tu: "Dada, mlikuwa mnajua?"

Tulikuwa tunajua. Familia nzima ilikuwa inajua kwa miaka miwili, na tulimwacha kijana wa watu aweke saini kwa sababu tuliona aibu kuyatoa mambo ya nyumbani nje. Hapo hasira yangu inanirudia mwenyewe, na nastahili.

Nawataja wengine kwa haraka. Wa saba ni mdogo wetu wa mwisho, aliyeahirisha masomo kwa mwaka mzima baada ya ada aliyomkabidhi kaka yake akailipe kutoweka. Wa nane ni jirani aliyekopesha kwa kumwonea huruma. Wa tisa ni mimi, na wa kumi ni mume wangu, ambaye amevumilia malipo matano bila kulalamika na ambaye juzi, kwa mara ya kwanza, aliniomba nisimpe taarifa tena, nilipe kimya kimya, asijue. Wa kumi na moja ni mjomba mwenyewe. Naam, huyo huyo wa "anayeumia ni yeye mwenyewe". Namba yake ya simu iliandikwa kwenye mkopo mmojawapo kuwa mtu wa kupigiwa, na tangu wiki iliyopita wakusanya madeni humpigia kabla hajatoka kitandani. Yeye anadhani wamekosea namba.

Hapo niliacha kuhesabu, kwa sababu aliyefuata hakuwa mtu mmoja. Mdogo wangu alikuwa mweka hazina wa kikundi cha kuweka na kukopa cha wafanyakazi wenzake 22. Alichukua fedha za kikundi "kwa siku mbili", na siku hizo mbili hazijaisha mpaka leo. Mama mmoja aliyekuwa amekiongoza kikundi hicho kwa miaka saba, na ambaye ndiye aliyempendekeza kwenye nafasi hiyo, alituhumiwa kula naye njama ingawa hakugusa chochote, akaacha kazi kwa uchungu. Nimeelezwa kwamba katika ofisi ile hakuna tena anayekubali kumshikia mwenzake fedha, hata za mchango wa msiba.

Sasa kuhusu mchezo wenyewe, kwa sababu mdogo wangu hupenda kutuambia kwamba hatuuelewi. Mkeka anaoupenda (yaani tiketi moja inayounganisha mechi kadhaa na kulipa pale tu unapozipata zote) ni wa mechi kumi, na wimbo wake miaka yote minne ni mmoja: "Dada, imenichania mechi moja tu!" Nimekaa nikapiga hesabu. Tuseme kila mechi ina matokeo mawili yenye nafasi sawa, na kampuni inatoa odi ya 1.90 kwa kila upande, yaani ukipata unalipwa mara 1.90 ya ulichoweka. Kwa mechi moja, anayeweka 100 atarudishiwa 95 kwa wastani wa muda mrefu, na 5 hubaki kwa mwenye mchezo. Ukiunganisha mechi kumi, nafasi ya kuzipata zote ni moja katika 1,024, ilhali malipo, odi zote kumi zikizidishwa, ni takriban mara 613 tu ya ulichoweka, kwa hiyo katika kila 100 hurudi kama 60 na 40 hubaki kwao. Kila mechi anayoongeza ili "ushindi uwe mkubwa" inaongeza fungu la kampuni. Na kuhusu ile mechi moja iliyomchania: mkeka wa mechi kumi una njia moja ya kushinda na njia kumi za kukosa mechi moja tu, maana yoyote kati ya hizo kumi inaweza kuwa ndiyo iliyokataa. Kukosa kidogo hutokea mara kumi zaidi ya kupata. Anachokiona yeye kuwa ni dalili kwamba anakaribia ndiyo hali ya kawaida ya mchezo, na ingekuwa hivyo hivyo hata kama angechagua timu kwa kurusha sarafu. Nilimwonyesha hesabu hizi kwenye karatasi. Alizitazama kwa makini, akanisifu, kisha akaniambia kwamba yeye habahatishi, yeye huchambua.

Najua atatokea mtu wa kunikumbusha kwamba huu ni ugonjwa, na sibishani naye. Shirika la Afya Duniani limeuweka uraibu wa kamari katika toleo la 11 la orodha yake ya kimataifa ya magonjwa, lililoanza kutumika Januari 2022, na wataalamu wa magonjwa ya akili wa Marekani waliuhamishia katika kundi moja na uraibu wa pombe na dawa za kulevya mwaka 2013. Kwa hiyo simuiti mdogo wangu mwizi wala mpumbavu, ingawa juzi nilikaribia. Lakini mgonjwa hupelekwa kwenye matibabu, na katika vikao sita hatujatamka neno hilo hata mara moja. Tumetamka "fungu", "mchango" na "yaishe". Kampuni nyingi za kubashiri zina utaratibu wa mteja kuomba afungiwe asiweze kucheza. Nilimtafutia na kumjazia fomu, akabakiza kuweka saini. Nikapendekeza mshahara wake upokewe na mke wake, aende kwa mshauri wa uraibu, na madeni yalipwe moja kwa moja kwa wadai bila fedha kupitia mkononi mwake. Akasema namdhalilisha. Wazee wakasema nina moyo mgumu.

Wanaoyajua mambo haya kwa karibu wanasema nisilolisema mimi kwa ukali wa kutosha. Gamblers Anonymous, vikundi vya wacheza kamari wanaosaidiana kuacha, vilivyoanzia Los Angeles mwaka 1957, na Gam-Anon, vikundi vya ndugu na wenzi wao, wameonya kwa muda mrefu kwamba kumwokoa mchezaji kwa kumlipia madeni huendeleza tatizo. Mimi nilihitaji malipo matano kulielewa hilo. Baada ya malipo ya tatu mdogo wangu alikaa siku 41 bila kucheza, akanenepa, akaanza kucheka na watoto, na nikawaambia watu kwamba tumeshinda. Siku ya 42 nilikuja kubaini kilichotokea: kwa kuwa nilikuwa nimemsafishia madeni yote, programu za mikopo zilimwona mkopaji mwaminifu na kumpandishia kiwango. Alikopa zaidi ya nilichokuwa nimelipa. Miaka yote hiyo nilidhani nalipa deni, kumbe nilikuwa natoa mtaji.

Kwa hiyo juzi nilikataa. Nilisema kwamba nitamlipa yule rafiki mdhamini, kidogo kidogo, mpaka anunue mashine nyingine, kwa sababu tulimdanganya kwa kunyamaza. Na nitalipa ada ya mdogo wetu wa mwisho. Mikopo ya simu na madeni ya mechi siyagusi. Mjomba akasema nimeikana damu yangu. Binamu zangu wameniondoa kwenye kundi la familia la ujumbe, na mmoja wao ameandika mahali nitakapoona kwamba fedha zimenipanda kichwani. Mdogo wangu mwenyewe, mwenye mikeka yake, hajatukanwa na mtu. Ameandaliwa kitanda kwa mama ili "atulie".

Sikufungua uzi huu ili nionewe huruma. Nina mambo mawili yanayohitaji majibu kutoka kwa waliopita njia hii. La kwanza ni la wifi: je, yupo aliyewahi kufanikiwa kuondolewa kwenye orodha ya wadaiwa sugu baada ya mwenzi wake kukopa kwa jina lake, na alitumia ushahidi gani bila kulazimika kumshtaki mumewe? La pili ni langu. Leo saa nne asubuhi nimepigiwa na mkusanya madeni ambaye sijawahi kuzungumza naye, akiutaja mkopo uliochukuliwa jana, yaani siku moja baada ya kikao, na namba yangu ndiyo iliyoandikwa kuwa ya dharura. Nawezaje kuitoa?