Mjadala: Je, kampuni ya kompyuta ina haki ya kunyamaza inapokwisha kuamua kubadili prosesa?

Ndugu wachangiaji, mwishoni mwa mwaka 2025 zilivuma tetesi kwamba Intel huenda ikapewa kazi ya kutengeneza baadhi ya chipu za kompyuta za Apple, na haikuchukua muda tukaanza kusikia kwamba Mac zinarejea kwenye prosesa (chipu kuu zinazoendesha kompyuta) za Intel, zile zile ambazo Apple ilitangaza kuachana nazo mwaka 2020. Kilichokuwa kinazungumzwa ni kitu kingine kabisa, yaani kiwanda cha Intel kutengeneza chipu zilizobuniwa na Apple yenyewe, lakini mkanganyiko huo umenipa sababu ya kuleta swali ambalo naona halijadiliwi inavyostahili: kampuni inapokuwa imekwisha kuamua kubadili prosesa, je, ina haki ya kukaa kimya na kuwaachia wateja tetesi? Msimamo wangu ni kwamba haina, ila wajibu huo wa kusema hauhusu kila badiliko la mzabuni. Unahusu aina moja tu.

Prosesa inaweza kubuniwa na kampuni moja na kutengenezwa na kiwanda cha nyingine. Chipu za M hubuniwa na Apple, hufuata seti ya maelekezo (amri za msingi ambazo prosesa inazielewa) ya kampuni ya Arm, na hutengenezwa na TSMC ya Taiwan; kiwanda kikibadilika na michoro ikabaki ileile, programu za mteja haziguswi. Jambo la namna hiyo limewahi kutokea. Mwaka 2015 iPhone 6s iliuzwa ikiwa na chipu ya A9 iliyotengenezwa ama na Samsung kwa nanomita 14, ama na TSMC kwa nanomita 16, na mnunuzi hakuwa na nafasi ya kuchagua. Malalamiko kuhusu betri yalipozidi, Apple ilijibu kwamba katika matumizi ya kawaida tofauti ya muda wa betri ilikuwa asilimia 2 hadi 3. Nakubali kwamba mtu aliyelipa bei ileile angependa kuambiwa, lakini hakuna programu yake hata moja iliyokufa kwa sababu hiyo.

Kuhama kutoka Intel kwenda kwa mshindani wake AMD nako hakumtikisi sana mtumiaji, kwa kuwa kampuni zote mbili zinatengeneza prosesa za x86, yaani zenye seti moja ya maelekezo, na programu ileile hufanya kazi pande zote. Hapo tetesi huwa ni habari ya bei na mikataba. Kampuni ya kompyuta ya Dell iliuza mashine zenye prosesa za Intel peke yake kwa miaka mingi, huku uvumi wa kuingia kwa AMD ukiibuka na kuzimika, hadi Mei 2006 ilipotangaza kwamba itatumia prosesa za Opteron za AMD kwenye baadhi ya seva zake. Kilichokuwa nyuma ya pazia kilijulikana mwaka 2010, pale mamlaka ya masoko ya mitaji ya Marekani, SEC, ilipodai kwamba malipo ya Intel kwa Dell yaliwahi kufikia asilimia 76 ya faida ya uendeshaji ya robo mwaka, na kwamba wawekezaji hawakuelezwa ipasavyo. Dell ililipa dola milioni 100 kumaliza shauri hilo bila kukiri wala kukanusha madai. Aliyedhulumiwa na ukimya ule, kama madai yale ni ya kweli, ni mwenye hisa zaidi kuliko mwenye kompyuta.

Badiliko ninalolilenga mimi ni lile la seti ya maelekezo yenyewe, yaani zile amri za msingi. Zikibadilika hizo, programu ya jana inakuwa kama barua iliyoandikwa kwa hati ambayo mpokeaji hakufundishwa kuisoma: ama iandikwe upya, ama atafutwe mkalimani. Microsoft ililionja hilo mwaka 2012 ilipoleta Surface RT yenye prosesa ya Arm, ambayo ilifanana na Windows kwa sura lakini haikuweza kuendesha programu za Windows ambazo watu walikuwa nazo tayari. Mwaka uliofuata kampuni ililazimika kufuta dola milioni 900 katika vitabu vyake kwa sababu ya bidhaa hiyo.

Tukio linalofundisha zaidi, kwa maoni yangu, ni la 2005. Apple ilikuwa ikitumia prosesa za PowerPC, zenye seti ya maelekezo tofauti na ya Intel, tangu 1994, na mwaka 2003 Steve Jobs aliahidi kwamba kompyuta yake ya Power Mac G5 ingefikia kasi ya gigahezi 3 ndani ya miezi 12. Miaka miwili baadaye ilikuwa imefika 2.7. Fungua ubavu wa mashine hiyo uone feni tisa zimepangwa kwa kanda, na katika matoleo yenye kasi zaidi kuna mfumo wa kupoza kwa kimiminika. Chipu yenye joto la namna hiyo haikupata kuingia kwenye kompyuta mpakato ya Apple. Kwa hiyo vyombo vya habari vilipoandika kwamba Apple inakwenda Intel, dalili zilikuwa wazi kwa aliyetaka kuziona, ingawa mashabiki wengi walizikejeli habari hizo hadi siku yenyewe. Tarehe 6 Juni 2005 Jobs aliwaonyesha watengenezaji programu mfumo endeshi wa Mac OS X kwenye kompyuta iliyokuwa jukwaani, kisha akafungua dirisha la maelezo ya mashine: Pentium 4 ya Intel, gigahezi 3.6. Akasema kila toleo la mfumo huo lilikuwa limeandaliwa kwa siri pia kwa ajili ya Intel, kwa miaka mitano.

Siri hiyo ya miaka mitano mimi siilaumu. Kujiandaa kwa jambo ambalo huenda lisitokee ni busara, na kampuni haiwezi kudaiwa itangaze kila mpango wa akiba. Wajibu unaanza uamuzi unapofanyika.

Wanaotetea ukimya wana hoja nzito moja, nayo ni Osborne. Kampuni hiyo ya kompyuta ilizungumzia mashine zake mpya mwaka 1983 kabla hazijawa tayari, wateja wakasita kununua zilizokuwepo, na Septemba mwaka huohuo ikafilisika. Wapo wanaosema kwamba ushindani na usimamizi mbaya wa fedha ndivyo vilivyoiua hasa, lakini hata tukiikubali hadithi hiyo ilivyo, haithibitishi kwamba ukimya ndiyo dawa. Apple ilitangaza Juni 2005 mashine ambazo iliahidi kuzileta kufikia Juni 2006, ikatangaza tena Juni 2020 mashine za M1 zilizokuja Novemba, na mara zote mbili ilivuka salama. Kilichoisaidia ni kwamba iliwapa watengenezaji programu vifaa vya kujaribia mapema, pamoja na mkalimani, yaani programu iitwayo Rosetta, iliyoziwezesha programu za zamani kuendelea kufanya kazi.

Ila hata matangazo hayo yana kasoro, na hapa ndipo natofautiana na wanaosema kwamba Apple ilikwisha kutimiza wajibu wake. Oktoba 2005 ilitoa iMac G5 mpya yenye kamera ndani. Mnunuzi aliyekuwa amesikiliza tangazo la Juni angeweza kukisia kwamba ana nusu mwaka au zaidi kabla mashine yake haijapitwa. Tarehe 10 Januari 2006 ikatoka iMac ya Intel, umbo lilelile, bei ileile ya kuanzia ya dola 1,299, ikitangazwa kuwa na kasi ya mara mbili hadi tatu. Tangazo lilimwambia kwamba badiliko linakuja. Halikumwambia mashine aliyoinunua itahudumiwa hadi lini, na hilo ndilo alilolihitaji zaidi. Mkalimani naye ana mwisho wake: Rosetta ya kwanza iliondolewa katika Lion, toleo la mfumo endeshi wa Mac la mwaka 2011, na programu za PowerPC ambazo hazikuandikwa upya zikaishia hapo.

Mwaka 2020 kauli ilikuwa kwamba Mac za Intel zitaendelea kupata matoleo mapya kwa miaka ijayo, bila idadi. Idadi ilikuja Juni 2025, kampuni iliposema kwamba macOS Tahoe ni toleo la mwisho la mfumo endeshi kwa Mac za Intel na kwamba marekebisho ya usalama yataendelea kwa miaka mitatu. Kauli hiyo ni nzuri, na ndiyo ninayopendekeza iwe ya lazima, isipokuwa itolewe siku ile ile badiliko linapotangazwa. Mac Pro ya Intel iliuzwa hadi Juni 2023, na wale walioinunua mwishoni walitoa maelfu ya dola bila kuwa na tarehe yoyote mkononi.

Najua nitajibiwa kwamba soko ni huria, kwamba mnunuzi ajihadhari mwenyewe, na kwamba muda wa huduma ukitangazwa mapema utageuka kuwa kamba ya kujifunga. Kwa mtu wa nyumbani anayefungua barua pepe na picha huenda jibu hilo linatosha. Ila nitaomba anayelitoa alipime kwa studio au maabara iliyonunua Power Mac G5 Quad ilipotoka Oktoba 2005, yenye bei ya kuanzia dola 3,299, miezi minne baada ya tangazo na kwa kujua yote yaliyokuwa yamesemwa hadharani. Toleo jipya la mwisho la mfumo endeshi lililoikubali mashine hiyo lilikuwa Leopard la Oktoba 2007, na Snow Leopard la Agosti 2009 likaiacha nje. Atueleze mnunuzi huyo alipaswa kujihadhari na nini, iwapo mwenye kuijua tarehe alikuwa muuzaji peke yake.