Naomba ushauri: idara inataka kumwekea askari mstaafu msimamizi wa mafao

Wakuu, habari zenu. Mzee mmoja mlemavu, aliyekuwa mwanajeshi wa Marekani, ameletewa barua ya idara ya maveterani (wanajeshi wa zamani) kwamba wanakusudia kumwona hawezi kusimamia mafao yake mwenyewe. Daktari alitia alama ya "hapana" kwenye fomu 21-2680 (fomu ya idara hiyo ya uchunguzi wa daktari) palipoulizwa kama anaweza kusimamia fedha zake, bila maelezo hata mstari mmoja. Mzee husahau dawa, sawa, lakini kusahau dawa si kushindwa kulipa kodi ya nyumba! Ana siku 60 za kuleta ushahidi, na kanuni inataka shaka ikibaki ahesabiwe anaweza. Taarifa za benki na risiti za umeme zipo. Je, barua ya daktari wa pili itaje nini hasa: kama anajua kiasi cha mafao yake, bili zake, au hatari ya kutapeliwa? Ikishindikana, tumpendekeze mkewe awe msimamizi? Msimamizi wa kulipwa anaweza kukata hadi asilimia 4 ya mafao ya kila mwezi.