Saa tatu za kuwafundisha wahudumu wa afya kutambua na kuripoti ukatili dhidi ya watoto: niweke nini?

Mlezi_wa_Zamu:
Habari zenu wakuu. Nimepewa saa tatu kuwafundisha wauguzi, matabibu na watu wa mapokezi namna ya kutambua na kuripoti mtoto anayeshukiwa kufanyiwa ukatili. Aina za ukatili wanazijua, ukiuliza watakutajia zote. Ila ripoti haziandikwi. Nikazie wapi? Na anayeuliza "nikikosea je?" nimjibuje?

Tabibu_Watoto:
Fasili zipe dakika kumi, kisha ingia kwenye ngozi, maana huko ndiko dalili nyingi za mwanzo hupita bila kuonwa. Kwa mtoto wa chini ya miaka 4, mvilio wa damu kwenye kiwiliwili, sikio au shingo unataka maelezo ya kina. Kwa mtoto mchanga wa miezi 4 kushuka chini, mvilio wowote, popote, hata kama ni mdogo kiasi gani. Ongeza shavu, pembe ya taya, kope, weupe wa jicho, kile kiuzi cha nyama kinachoshika mdomo wa juu kwenye ufizi, na alama yenye umbo la kitu: mkanda, vidole, waya uliokunjwa.

Waeleze na sababu, la sivyo watasahau. Mtoto anayejifunza kutembea huumia kwenye paji la uso, kidevu, magoti na miundi, sehemu ambazo mfupa uko karibu na ngozi na hutangulia kugonga. Sikio halitangulii. Na asiyeweza hata kujigeuza ni nadra sana kujiumiza peke yake, ndiyo maana "alijigonga kitandani" haitoshi kwa mtoto mchanga.

Kwenye kuungua, waonyeshe picha ya mguu uliozamishwa kwenye maji ya moto: ukingo umekatika sawasawa kama soksi, miguu yote miwili inafanana, hakuna matone yaliyorukia pembeni. Chai iliyomwagika huacha umbo lisilo na mpangilio, na huwa kali zaidi pale ilipoanguka kuliko chini ilikotiririkia.

Kosa moja lifute kabisa: kukadiria umri wa mvilio kwa rangi yake. Haiaminiki. Aandike rangi, ukubwa na mahali, basi.

Kwa wa chini ya miaka 2 anayeshukiwa kupigwa, eksirei iwe ya mifupa ya mwili mzima. Mbavu zilizovunjika karibuni zinaweza zisionekane. Eksirei hurudiwa baada ya kama wiki mbili, mfupa ukishaanza kuunga.

Faili_na_Sheria:
Kuhusu "nikikosea je": hilo ndilo linalofunga mikono, kwa hiyo lipe saa nzima. Kinachotakiwa ili kuripoti ni shaka yenye msingi. Kuthibitisha na kumtafuta aliyefanya ni kazi ya ustawi wa jamii na polisi. Anayesubiri uhakika anamrudisha mtoto kulekule alikoumizwa, na jeraha linalofuata linaweza kuwa kubwa zaidi.

Wafanyishe mazoezi ya kuuliza, wawili wawili. "Niambie ilikuwaje" inafaa. "Baba ndiye aliyekupiga?" inamtia mtoto maneno mdomoni na kuuharibu ushahidi. Mzazi na mtoto waulizwe kila mmoja peke yake, na mtoto asiahidiwe siri.

Kisha waandike. Maneno ya mtoto kama alivyoyasema, ndani ya alama za kunukuu, pamoja na swali lililotangulia. Saa ya tukio na saa ya kufika. Mchoro wa mwili wenye kila jeraha na kipimo chake. Picha kwa kamera ya kituo, siyo simu ya mtu: moja ya mbali, moja ya karibu yenye rula. Inapoharibika ni hapa: zamu ya usiku inaandika "alianguka kitandani", ya asubuhi inaandika "alianguka ngazini", na hakuna anayeziweka pamoja. Maelezo yanayobadilika ni dalili yenyewe. Yaandikwe yote, yasisahihishwe.

Muuguzi_Dirisha:
Nakubaliana, ila msisahau ukatili wa kingono. Watoto wengi waliofanyiwa hukutwa na uchunguzi wa kawaida kabisa, kwa hiyo "sikuona kitu" isimfunge mtu kuripoti. Muda nao unabana: dawa za kinga ya VVU zianze ndani ya saa 72, na kinga ya mimba ya dharura kwa msichana aliyebalehe ndani ya siku 5. Mtu wa mapokezi akiyajua hayo, hatamweka mtoto kwenye foleni.

Wafundishe na yanayofanana na ukatili: madoa ya kuzaliwa ya kijivu-buluu mgongoni na matakoni, ambayo hayafifii kwa siku chache kama mvilio, magonjwa ya damu kutoganda, mifupa inayovunjika kirahisi. Lakini kupima hayo kusicheleweshe ripoti.

Mlezi_wa_Zamu:
Asanteni sana. Ripoti aiandike nani, aliyemwona mtoto au mkuu wa zamu?

Faili_na_Sheria:
Aliyemwona. Mkuu wa zamu ajulishwe, lakini asiwe mlango wa kuomba ruhusa. Ripoti nyingi hufia hapo. Aliyemwona mtoto apige simu ustawi wa jamii au polisi, amweleze mpokeaji kama mtoto yuko salama usiku huo na kama kuna watoto wengine nyumbani, kisha aandike kwenye faili jina la aliyepokea na saa. Simu na uandishi huo wafanyie mazoezi hapohapo ukumbini, kila mmoja na fomu yake halisi mkononi.