Bastola ya vita tuliyorithi: dukani, mnadani au ibaki nyumbani?

Mama Upendo, Minnesota
Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Babu yake mume wangu alirudi kutoka Ujerumani mwaka 1945 na bastola katika kifuko cha ngozi nyeusi, na sasa marehemu mama mkwe wangu wa Ohio ametuachia katika wosia. Ubavuni imeandikwa P.38, halafu namba, kisha byf na chini yake 44. Tuiuze dukani, tuipeleke mnadani, au tubaki nayo? Mume wangu anataka kwanza aisugue kwa stili wulu, maana ina madoa ya kutu.

Mzee wa Columbus
Marahaba, mama. Kwanza hakikisheni haina risasi. Kibano cha kutolea magazini, yaani kisanduku cha risasi, kiko chini ya kitako; ikishatoka, vuteni nyuma slaidi, ile sehemu ya juu inayoteleza, mtazame mtutu kwa upande wa nyuma, kwa sababu risasi moja inaweza kubaki humo. Kijipini kikichomoza juu ya nyundo, ujue imo.

Pili, namwomba shemeji sana asisugue. Anayenunua silaha hizi hulipia weusi ule ule uliotoka kiwandani, hata ukiwa umechakaa, na ukishaondoka haurudi. Tone la mafuta na kitambaa laini vinatosha.

Byf ni alama ya siri ya kiwanda cha Mauser cha Oberndorf, na 44 ni mwaka 1944. Walther wenyewe, waliobuni bastola hii ya jeshi la Ujerumani, walipiga ac, na kiwanda cha Spreewerk kikapiga cyq bila mwaka. Tafuteni muhuri mdogo wa tai wenye 135, ambao ni wa mkaguzi wa jeshi pale Mauser. Kisha linganisheni namba ya slaidi, ya fremu (kiunzi chenye mpini) na ya mtutu, kwa kuwa zikitofautiana bei hushuka sana.

Kaka wa Houston
Naongeza kuhusu njia za kuuza. Mwenye duka atakulipa siku hiyo hiyo, lakini atatoa pungufu kwa sababu naye lazima apate faida. Mnada huchukua miezi na hukata kamisheni, ila huwakutanisha wanaoijua thamani yake. Kwa bastola ya kawaida iliyosuguliwa ningekwenda dukani. Kwa yenye namba zinazolingana, ningesubiri mnada.

Sheria ya shirikisho inamruhusu mrithi kupokea silaha ya wosia kutoka jimbo jingine, mradi yeye mwenyewe anaruhusiwa kumiliki. Kumuuzia mtu wa jimbo jingine, hata hivyo, lazima kupitie kwa muuzaji mwenye leseni.

Mama Upendo, Minnesota
Asanteni sana, tumeacha kusugua. Namba zote tatu zinalingana, na tai yupo. Katika mfuko wa magazini ya akiba tumekuta karatasi iliyokunjwa mara nne, imepigwa taipu, yenye saini ya kamanda akimruhusu babu kurudi nayo nyumbani, na namba ya bastola imo.

Mzee wa Columbus
Hapo sasa mizani imeegemea mnadani, mama, kama kweli mnauza. Bila karatasi hiyo ni P38 nzuri miongoni mwa nyingi. Ikiwa nayo, inajulikana ilitoka mikononi mwa nani. Msiikunje tena wala msiibandike plastiki. Pigeni picha kando ya dirisha, karatasi, kifuko na bastola pamoja, mzitume kwa minada miwili au mitatu inayoshughulika na silaha za kijeshi, na kila mmoja aandike makadirio na kamisheni yake kabla hamjamkabidhi chochote.